Jinsi ya Kujenga Mfano wa Mnara wa Eiffel kwa Matete

Mwalimu wa sekondari nchini Uganda anayetaka wanafunzi wake waielewe kazi ya mhandisi Mfaransa Gustave Eiffel (1832–1923) hahitaji chuma. Matete yaliyokauka vizuri, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kufungia, rula na ubao wa kusimamishia vinatosha.

Tumieni kipimo cha sentimita moja kwa kila mita tatu. Mnara wenyewe, uliozinduliwa Paris tarehe 31 Machi 1889, sasa una urefu wa mita 330, hivyo mfano utafika sentimita 110. Kitako chenye upana wa mita 125 kitakuwa sentimita 42, sakafu ya kwanza itakaa kwenye sentimita 19, na ya pili kwenye 38.

Kazi kubwa iko kwenye miguu minne, na hapo msiharakishe. Kila mguu uundwe kwa matete manne membamba, kisha yaunganishwe kwa vipande vya mshazari vinavyofanya pembetatu, kwa sababu fremu ya mraba ikisukumwa hulala upande, ilhali pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike au fundo liachie. Wanafunzi wataiona kanuni hiyohiyo kwenye minara ya mawasiliano ya kilima cha Kololo, Kampala.

Kwa kuwa miguu huinamia ndani, iegemezeni kwa matofali mpaka fremu ya sakafu ya kwanza iishike yote minne. Eiffel naye aliishikilia kwa majukwaa ya mbao, akaisawazisha kwa masanduku ya mchanga na jeki za haidroli.

Juu ya sakafu ya pili, isogezeni miguu polepole hadi iwe nguzo moja. Mpindo huo ulitokana na hesabu za upepo, na ni haki wanafunzi wajue kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa wa Maurice Koechlin na Émile Nouguier, wahandisi wa kampuni ya Eiffel. Matao ya chini, aliyoyaongeza msanifu Stephen Sauvestre, ni pambo zaidi kuliko tegemeo, kwa hiyo yakateni kwa karatasi ngumu mwishoni.

Mwisho, upepeeni mfano kwa ubao mwepesi, kisha uzungushieni karatasi pande zote, mrudie kwa nguvu ileile, na kila mwanafunzi aandike tofauti aliyoiona pamoja na sababu yake.