Acha amalize, ndipo uandike
Nimejaribu hii kwenye kozi ya jioni na imenisaidia: mhadhiri akiongea, kalamu iwe chini. Akimaliza hoja, andika mstari mmoja kwa mkono, kwa maneno yako. Mkono ni mzito kuliko kibodi, huwezi kunakili kila neno, kwa hiyo unalazimika kuchuja. Watafiti Mueller na Oppenheimer waliona mwaka 2014 kuwa wanaochapa kwenye kompyuta hunakili zaidi neno kwa neno. Waliorudia jaribio lao baadaye hawakupata tofauti kubwa ya alama kati ya wanaochapa na wanaoandika kwa mkono, ndiyo maana nasisitiza kuchuja kuliko kalamu yenyewe. Mbinu hii inagoma kwenye fomula, vifungu vya sheria na nukuu. Hapo chapa, au piga picha ubao (omba ruhusa kwanza).