Mshubiri wa uani hauhitaji maji ya kila siku

Kila mwaka masika yakikatika naletewa swali lile lile. Mshubiri ulikuwa mzuri, majani manene, umejaa chungu. Sasa umelala, na majani ya chini yamelegea kama yaliyochemshwa. Kisha mwenye mmea huongeza, tena kwa uchungu, kwamba maji hakuunyima hata siku moja. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Mshubiri, ambao siku hizi wengi tunauita alovera, asili yake ni Rasi ya Arabuni, kwenye mawe na jua kali, ambako mvua hunyesha kwa nadra. Majani yake yaliyojipanga duara ni ghala la maji. Vitundu vyake vya kupumulia hufungwa mchana na kufunguka usiku, ili jua lisiunyang'anye unyevu. Mmea wa tabia hiyo tumeuleta visiwani kwetu, penye hewa nzito ya bahari na masika ya Machi hadi Mei, na Pemba mvua ni nyingi zaidi kuliko Unguja. Kiu si hatari kubwa kwake hapa. Hatari yake ni mizizi kukaa ndani ya tope.

Kwa hiyo kumwagilia kufuate msimu. Masika, mshubiri ulio nje usiupe maji kabisa, na ukiweza uingize ukumbini au barazani, mbali na mchirizi wa bati au makuti. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, maji mara moja kwa wiki mbili au tatu yanatosha. Kaskazi ikishika na joto la Januari likapanda, chungu kidogo kilichoko juani kinaweza kutaka maji kila baada ya siku saba hadi kumi. Vuli nayo haitabiriki, kwa hiyo pima udongo kabla ya kuchota maji. Chukua uchelewa wa ufagio, uchomeke hadi karibu na chini ya chungu, uuache kidogo, kisha uuchomoe. Ukitoka na udongo ulioganda, rudisha kopo lako. Ukitoka mkavu, mwagilia.

Na ukimwagilia, mwagilia kweli, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, kisha uuache ukauke. Kikombe kimoja kila asubuhi ndicho kinachoua mishubiri mingi: udongo haupati nafasi ya kukauka, na mizizi inakosa hewa. Mimina pembeni juu ya udongo, usimimine moyoni pale majani yanapokutana, kwa sababu maji yakituama hapo moyo huoza. Kama maji ya kisima chenu yana chumvichumvi, kama yalivyo katika vijiji vingi vya pwani, utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua utumie hayo, na mara mojamoja uyapitishe kwa wingi ili yaikoshe chumvi.

Udongo nao una neno lake. Kinongo chetu chekundu ni kizuri lakini peke yake ndani ya chungu hushikamana. Kichanganye na mchanga wa shamba na kokoto ndogo, sehemu sawa kwa sawa, na konzi moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza ikakauka. Mchanga wa ufukweni usiutumie. Una chumvi, na kuuchota kunaila pwani yetu. Vumbi la makumbi hushika maji mengi, kwa hiyo kwa mmea huu tia kidogo sana au acha.

Kuna jambo ambalo wengi tumefundishwa na si sahihi: kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Huning'inia hapo juu yake, karibu zaidi na mizizi. Kokoto zichanganywe na udongo wote, na juu ya tundu weka kigae kimoja tu cha kuzuia udongo usimwagike. Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kuta zake hupumua. Ndoo au kopo la maziwa linafaa, mradi ulitoboe. Chagua kipana kuliko kirefu, maana mizizi ya mshubiri hutambaa karibu na juu. Sahani ya chini imwage kila mara. Maji yaliyotuama hapo huzalisha mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengi.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, mwanga ndio unaokosekana. Mshubiri wa chumba chenye kiza hurefuka, hupauka na kulala. Uweke uani au juu ya dari wazi. Wanaokaa ghorofa za Michenzani wana roshani zinazofaa sana. Ila usiutoe gizani ukautupa jua la saa saba kwa siku moja: utaungua na kugeuka mwekundu. Anza na jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Ukikuta shina limelainika na linanuka, kazi iwe siku hiyo hiyo. Ng'oa mmea, kung'uta udongo wote, kata sehemu iliyooza kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama nzima, kisha uuweke kivulini siku tatu hadi tano kidonda kikauke. Upande kwenye udongo mpya mkavu na ukae wiki nzima bila maji. Nimeona mishubiri iliyobaki na majani manne ikifufuka hivyo. Majani yaliyokonda na kujikunja ndani ni habari nyingine: hapo ni kiu kweli, na maji yataurudisha kwa siku chache.

Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hujificha kwenye mapindo ya majani, na mara nyingi sisimizi ndio wanaokuonyesha walipo. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti.

Mbegu huna haja nayo. Mshubiri huzaa watoto pembeni. Subiri mtoto afike nusu shibiri na awe na mizizi yake, mtenge, mkaushe siku mbili, mpande. Muombe jirani mtoto mmoja, hakuna anayekataa. Lakini ukiiona mishubiri inayoota yenyewe kwenye mawe ya pwani ya Pemba, iache hapo. Kisiwa hicho kina aina yake, inayobeba jina la Pemba hata katika jina la kitaalamu, Aloe pembana, nayo si ya kung'olewa kwa ajili ya vyungu.

Ukitaka kutumia jani, kata la nje kabisa, la chini, kutoka mmea uliokomaa, na usichukue zaidi ya mawili au matatu kwa mara moja. Lisimamishe kichwa chini ndani ya bakuli kwa robo saa. Utaona maji ya manjano yakichuruzika: hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ile chungu ambayo mama zetu walipaka ziwani kumwachisha mtoto. Inaharisha vibaya, na mjamzito au mtoto asiimeze. Imwage, kosha jani, menya ganda, na ute mweupe wa ndani ndio wa kupaka kwenye ngozi. Paka kwanza kidogo mkononi uone kama ngozi inaukubali. Mmea uliokatwa usiumwagilie siku mbili tatu, mpaka pale palipokatwa pajifunge.