Namna ya kuandaa kumbukumbu ya mwalimu wa uchoraji wa rangi za maji

Siku za matanga chumba cha marehemu husafishwa ili wageni wapate pa kulala, na karatasi zenye madoadoa ya rangi ndizo huanza kutupwa. Kwa mwalimu wa rangi za maji hasara hiyo haifidiki. Karatasi zile za majaribio, nyingine zikiwa na maelezo ya penseli pembeni, hueleza ufundishaji wake kuliko picha zilizotundikwa sebuleni. Kwa hiyo, kabla ya lolote, waombe wenye nyumba wakifunge chumba chake cha kazi, hata kama ni kwa wiki moja tu.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha meza kama alivyoiacha: brashi, mkebe wa maji, sahani ya kuchanganyia rangi. Sahani hiyo isioshwe kabisa. Itazame kwa karibu. Huenda ukaona kwamba kijani chake hakikutoka kwenye tyubu. Ni bluu na manjano zilizokutana katikati ya sahani, na ukingoni kila moja bado imebaki peke yake. Huo ni ushahidi wa mkono wake, na mwanafunzi yeyote anaweza kujifunza kwao.

Sasa orodhesha kazi. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Laza picha kifudifudi juu ya karatasi safi, uandike namba nyuma yake, pembeni, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza. Kalamu ya wino usitumie: wino hupenya karatasi, na ukipata unyevu hutambaa hadi upande wa mbele. Kwenye daftari andika namba, kimo kisha upana kwa sentimita, kilichochorwa, hali ya karatasi na jina la aliyenayo. Picha isiyo na mwaka iandikwe "haina mwaka". Mwaka wa kukisia ukishaingia daftarini, watu huunukuu kama kweli.

Selotepu ya zamani usiibandue, maana huondoka na ngozi ya karatasi pamoja na rangi. Na asitokee mtu wa kupeleka picha duka la vifaa vya ofisi kufanyiwa lamineti "ili zidumu". Joto huyeyusha gundi ikashikamana na karatasi, na hapo hakuna fundi atakayeitoa bila kuharibu mchoro.

Kwa wasifu, anza na vyeti na barua za kazi, ndipo uwafuate watu. Kama alisomea Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, au alipita chuo cha sanaa cha Bagamoyo, miaka iliyo kwenye cheti itakusaidia kuwapata aliosoma nao.

Wanafunzi wake ndio hazina. Ukiwauliza "Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mpole na mcheshi, basi. Uliza mambo ya kazi: Aliwafundishaje kushika brashi? Rangi zikichanganyika zikawa tope, aliwaambia nini? Nyeupe aliiacha ya karatasi, au aliwaruhusu kutumia rangi nyeupe? Rekodi kwa simu, dakika 20 kwa kila mmoja zinatosha. Waombe pia kazi zao za zamani alizozisahihisha. Mahali mwalimu alipochora upya jani moja pembeni, kando ya jani la mwanafunzi, ndipo somo lenyewe lilipo. Zionyesheni hizo, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kupiga picha michoro, tafuta kivuli chenye mwanga mwingi, kama barazani asubuhi, na uzime flashi. Simu iwe sambamba na karatasi. Ikiinama kidogo tu, mstatili hugeuka mshazari. Ukitumia skana, weka nukta 300 kwa inchi, na 600 kwa vichoro vidogo.

Siku ya kumbukumbu, iwe arobaini au mwaka, chini ya turubai tundikeni nakala. Upepo, mvua na chai haviwezi kuaminiwa karibu na rangi inayoyeyuka kwa maji. Kazi halisi zikae ndani, mbali na dirisha lenye jua, katikati ya kila picha ikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni.

Kwenye fremu, karatasi isiguse kioo, kwani unyevu ukinasa hapo rangi hushikamana nacho. Weka kati ya kioo na karatasi kadibodi iliyokatwa dirisha. Picha yenyewe isipakwe gundi. Kata vipande vinne vya karatasi nyeupe, sentimita 6 kwa 3, kila kimoja ukikunje kiwe pembetatu kama mfuko, chomeka kona za picha humo, kisha ubandike mifuko kwenye kadibodi ya nyuma. Fremu ya zamani ukiifungua, linganisha ukingo uliofunikwa na sehemu iliyopigwa na mwanga. Waridi na zambarau ndizo hupauka mapema. Ukingo huo unakuonyesha rangi aliyoikusudia, upige picha.

Mambo yakiisha, lazeni picha bapa sandukuni, karatasi nyeupe katikati ya kila moja, juu ya rafu na mbali na ukuta wa nje. Baada ya masika sanduku lifunguliwe. Mkiona ukungu, msifute kwa kitambaa chenye maji. Tengeni picha hizo na nyingine, ziacheni kivulini penye hewa hadi ukungu ukauke uwe vumbi, kisha mtu aliyevaa barakoa aupanguse kwa brashi laini akielekea nje.