Makaroni na kuku wa pilipili kwa sufuria moja

Ukiwa na meko moja ya gesi kama mimi, usichemshe makaroni kando kisha umwage maji. Yale maji yenye wanga ndiyo yanayofanya mchuzi uwe mzito.

Katakata minofu ya mapaja (kidari hukauka upesi), kaanga kwa mafuta kidogo mpaka igeuke rangi ya kahawia, kisha itoe. Kwenye mafuta yaleyale weka kitunguu, saumu, nyanya mbili na pilipili mbuzi. Mimi huitumbukiza nzima na kikonyo chake, nikaitoa kabla haijapasuka; harufu inabaki, machozi hayaji. Sasa mimina makaroni makavu gramu 250, chumvi, na maji ya moto vikombe vitatu. Funika, ukikoroga mara mojamoja yasishike chini.

Usiamini sana dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza dakika mbili tatu, onja, na maji yakikauka mapema ongeza kidogo.

Krimu huja mwisho kabisa, nusu kikombe, moto ukiwa umepunguzwa. Maziwa ya kawaida yakichemka pamoja na nyanya hukatika, utaona vidonge vyeupe. Huna krimu? Tui zito la nazi linatosha, na wa pwani watasema ndilo bora. Rudisha kuku, funika dakika tano, nyunyiza dhania.