Kupima nyimbo za Queen kwa mtunzi, si kwa mwimbaji

Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ni kundi zuri la kupimia nani mtunzi bora, kwa sababu wote wanne walitunga, na kila mmoja ana kibao kilichovuma. Ugumu wenyewe ni sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Inafunika kila kitu. "I Want to Break Free" (1984) ameuimba yeye, lakini umetungwa na John Deacon, mpiga besi. "Radio Ga Ga" ni wa mpiga dramu, Roger Taylor, na "We Will Rock You" ni wa mpiga gitaa, Brian May. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza, andika jina la mtunzi kando ya kila wimbo.

Ondoa zilizoandikwa kuwa utunzi wa pamoja: albamu nzima za The Miracle (1989) na Innuendo (1991), "Stone Cold Crazy", "One Vision", na "Under Pressure" waliyoitunga na mwimbaji David Bowie.

Chukua nyimbo mbili kwa kila mtunzi, kibao kimoja na nyingine isiyovuma. Kwa Deacon, mathalani, "Another One Bites the Dust" na "In Only Seven Days". Kwa Taylor, "Radio Ga Ga" na "Drowse". Usijumlishe kazi zote za mtu. Kwenye A Night at the Opera (1975), kati ya nyimbo 12, Mercury ana 5, Taylor na Deacon mojamoja. Ukijumlisha, unampima aliyetunga nyingi, si aliyetunga vizuri.

Tumia matoleo ya mfululizo mmoja wa CD, na sawazisha sauti. Wimbo uliozidi kwa desibeli moja au mbili huonekana bora bila sababu nyingine.

Sikiliza kila wimbo mzima mara moja, kisha uzishindanishe mbili mbili. Nyimbo 8 hutoa jozi 28, kila wimbo ukikutana na 7. Mshindi hupata alama 1; sare hairuhusiwi. Fanya jozi 14 kwa siku, maana masikio huchoka, na ukirudia jozi yoyote, geuza mpangilio. Dakika moja ya ubeti na kiitikio hutosha, isipokuwa "Bohemian Rhapsody": haina kiitikio, hivyo sikiliza dakika zote karibu 6.

Ukihisi sauti ya Mercury inakuvuta, piga wimbo kwa gitaa peke yake, au uvumishe kwa mdomo uliofumbwa. Lakini kipimo hiki huionea "We Will Rock You", ambayo imesimama juu ya miguu na makofi, gitaa likiingia mwishoni; hapo amua kwa rekodi yenyewe.

A ikiishinda B, B ikaishinda C, kisha C ikaishinda A, umebadili kigezo katikati: mara umepima maneno, mara mdundo. Rudia hizo tatu kwa kigezo kimoja.

Mwisho jumlisha nyimbo mbili za kila mtunzi. Jumla ya juu kabisa ni 13, si 14, kwa kuwa nyimbo hizo mbili nazo hukutana. Watunzi wawili wakipishana kwa alama 1, waweke nafasi moja hadi urudie zoezi wiki nyingine.