Kupeleka vyuma vya gari la zamani kupigwa kromu upya: kufungua, kufungasha, kupokea

Kromu haifichi kitu. Tabaka lake juu ya bampa mara nyingi halizidi mikroni 0.5, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mng'ao unaouona ni wa nikeli iliyo chini yake, nikeli nayo imelalia shaba, na shaba inafuata umbo la chuma kama kilivyosuguliwa. Kishimo cha kutu ambacho hukukiona kwenye chuma kitupu kitajitangaza chenyewe kipande kikitoka kwenye tangi la maji ya kemikali na umeme, kinamozamishwa ili kipate matabaka hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mzigo haujaondoka kwako.

Jua una chuma gani

Chukua sumaku na ugeuze kila kipande uone mgongo wake. Sumaku ikinata na mgongo una kutu, hicho ni chuma cha kawaida: bampa, vikombe vya magurudumu, mabano. Sumaku ikinata lakini mgongo ni safi, wa kijivu, huenda ni stenlesi, maana baadhi ya stenlesi hushikwa na sumaku. Mikanda mingi ya urembo ya pembeni na kwenye vioo ni ya stenlesi. Hiyo usiipeleke kwenye kromu. Inahitaji kunyooshwa na kung'arishwa tu, na ikipigwa kromu rangi yake haitafanana tena na ile ya kiwandani. Kipande chepesi sana kisichoshikwa na sumaku ni alumini.

Kizito kisichoshikwa na sumaku, chenye mgongo wa kijivu uliopauka na mara nyingine unga mweupe, ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Vishikio vya milango, nembo, fremu za taa za nyuma na mapambo ya boneti kwa kawaida ni vya zinki hii, na ndivyo vinavyoharibiwa zaidi. Mwenye gari akiona malengelenge juu ya kromu, hutumbukiza kipande kwenye asidi ili "kukisafisha". Asidi huila zinki haraka kuliko inavyoila kromu, na kinachotoka ni kitu kilichojaa matundu. Usitumie asidi nyumbani, usipige mchanga, usikwangue kwa grainda. Kuvua kromu ya zamani ni kazi ya karakana, na maji ya tangi la kromu ni sumu inayodhibitiwa kisheria katika nchi nyingi.

Kufungua bila kuvunja

Nembo za zinki zina vijiti vyembamba nyuma, vyenye nyuzi kama za bolti, na nati zake zimegandamana navyo kwa miaka. Loweka kwa mafuta ya kupenya kutu, subiri siku nzima, loweka tena. Jaribu kuzungusha nati robo mzunguko mbele na robo nyuma. Ukihisi kijiti kinajisokota pamoja na nati, acha hapo hapo. Kata nati kwa msumeno mdogo upande mmoja, sambamba na kijiti, kisha ipanue kwa ncha ya bisibisi mpaka ipasuke. Nati ni rahisi kupata. Nembo huenda isipatikane popote. Moto usiutumie: zinki ya kalibu huyeyuka kabla ya kufika 400°C, na hupoteza nguvu mapema zaidi.

Vipande vinavyoundwa na sehemu nyingi vitenganishe mpaka mwisho. Kishikio cha mlango kitolewe kitufe, springi, pini na kitasa cha ufunguo. Kioo cha pembeni kitolewe kioo chenyewe, ringi ya taa itolewe mpira. Springi na bolti za chuma kigumu zibaki nyumbani. Wakati wa kuzamishwa, hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla kikibeba mzigo. Kama ni lazima bolti hizo zipigwe, iambie karakana mapema, kwani huhitaji kuokwa kwenye joto la takriban 190°C kwa saa kadhaa mara tu zinapotoka.

Jaribu kwenye gari kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi. Fundi bodi akishamaliza kunyoosha, kabla ya rangi ya mwisho, funga bampa, vishikio na fremu za taa zikiwa na kromu yake mbovu. Pima uwazi kati ya bampa na mwili wa gari kulia na kushoto. Bampa iliyopinda milimita 5 itanyooshwa sasa, kwa sababu ikishapigwa kromu haikunjwi: tabaka hupasuka. Matundu yaliyotoboka kwa kutu yachomelewe sasa. Vipande vipya vya kuiga navyo vijaribiwe, maana mara nyingi matundu yake ya bolti hayakai sawa, na tupa ikipita juu ya kromu mpya umefungua mlango wa kutu.

Alama na orodha

Karatasi na wino haviishi ndani ya tangi. Funga kila kipande kibati kidogo kilichogongwa namba, kwa waya wa shaba. Karakana italazimika kukitoa wakati wa kuzamisha, kwa hiyo kwa jozi za kulia na kushoto gonga alama ya patasi mgongoni pia: moja kwa kushoto, mbili kwa kulia. Piga picha mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni. Kwa nembo, weka karatasi juu na usugue kwa penseli ubaki na umbo halisi la herufi, kwa sababu mng'arishaji mwenye haraka hula kingo mpaka herufi zinakuwa kama sabuni iliyotumika. Ukiwa na mchoro huo unaweza kuonyesha kilichopotea.

Orodha iwe na namba, jina, aina ya chuma, idadi ya vijiti au matundu yenye nyuzi, na kasoro zilizopo. Nakala moja ndani ya sanduku, moja kwa ujumbe, moja kwako.

Mwulize fundi wa kromu maswali mahususi. Je, anapiga shaba kwanza? Kwa zinki, shaba ya kwanza lazima iwe ya maji yasiyo ya asidi, la sivyo kipande kinaliwa. Vishimo vya zinki huvichimba mpaka chuma safi, akapaka shaba, akajaza kwa risasi ya kulehemu, akasawazisha kwa tupa na msasa, kisha akapaka shaba tena? Kwa vipande vya nje, anapiga nikeli matabaka mawili? Nikeli ya juu, yenye mng'ao, ina salfa na huoza kwanza, hivyo kutu husambaa kando badala ya kuchimba kwenda chini. Nyuzi anazikinga kwa nta au tepu? Asiyeweza kujibu haya kwa ufasaha asipewe nembo zako.

Kufungasha

Osha grisi na tope, kausha kabisa, paka chuma kilicho wazi mafuta mepesi. Kila kipande kifungwe peke yake. Vyuma viwili vikigusana safarini, kimoja kitatoboa kingine. Vidogo viingie kwenye viboksi vyenye namba, na viboksi ndani ya sanduku kubwa lenye nafasi ya angalau sentimita 5 ya sponji pande zote. Skrubu usizipeleke kabisa, isipokuwa zinazopigwa kromu zenyewe, na hizo zihesabiwe.

Bampa ndiyo adui wa maboksi. Ncha zake hutoboa karatasi ngumu mara sanduku linaposimamishwa wima. Zifunike kwa sponji nene, kisha vipande vya plaiwudi, halafu uilaze ndani ya kreti na kuifunga kwa mikanda kwenye vipingili viwili ili isicheze. Mzigo ukivuka mpaka wa nchi, mbao halisi ya kreti (isiyo plaiwudi) kwa kawaida lazima iwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa, unaoonyesha imetibiwa dhidi ya wadudu. Plaiwudi haihitaji mhuri huo. Kwa safari ya nje, viandikishe vipande vyako forodhani kabla havijaondoka kama bidhaa zinazokwenda kutengenezwa na kurudi, pamoja na picha. Ukikosa karatasi hizo unaweza kutozwa ushuru wa thamani yote vikirudi.

Thamani ya bima iwe gharama ya kupata kipande kingine, si bei ya chuma chakavu. Ni vizuri seti nzima ipigwe pamoja, kwa sababu maji ya tangi hubadilika na rangi hutofautiana kidogo kati ya mkupuo mmoja na mwingine. Lakini kama una kipande kisicho na mbadala, tuma kwanza kishikio kibovu cha ziada uone kazi.

Kupokea

Piga picha sanduku kabla ya kulifungua, na lifungue siku hiyo hiyo, kwani muda wa kudai fidia ni mfupi. Kagua chini ya taa kali ukiinamisha kipande taratibu. Malengelenge yanaonyesha uchafu chini ya tabaka. Ukungu wa kijivu kwenye kingo unaonyesha umeme ulizidi. Rangi ya manjano hafifu ndani ya kona ni nikeli iliyokosa kromu, kwa kuwa kromu haifiki vizuri kwenye mashimo. Itachujuka mapema, irudishe.

Nyuzi zilizonenepa zipitishe kwa chombo cha kukatia nyuzi, kwa mkono. Mgongo wa bampa hupata tabaka jembamba sana, kwa hiyo upake rangi ya kuzuia kutu au nta kabla ya kuifunga. Weka washa za nailoni chini ya nati za vipande vya zinki, rudisha mipira yote, na kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana.