Usitie CAN Yote kwa Siku Moja Wakati wa Masika

Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, kosa ni lile lile kwenye bustani za Nairobi. Mawingu yakitanda, mkulima anakimbilia gunia la CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, na kuimaliza siku hiyo hiyo, akisema mvua ya usiku itaiyeyusha. Itaiyeyusha kweli, kisha itaondoka nayo.

Nusu ya naitrojeni iliyomo ndani ya CAN ni naitreti, na naitreti haishikani na udongo. Maji yakizama, nayo huzama mpaka chini ya mizizi. Mvua ya milimita 20 ni sawa na kumwaga jerikeni zima la lita 20 juu ya kila mita mraba ya shamba lako. Kwa hivyo sikiliza utabiri kwanza. Ikitarajiwa mvua ya kiasi hicho au zaidi ndani ya saa 24, mbolea ibaki ghalani.

Kwa sukuma wiki iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, tia nusu kifuniko cha soda kwa kila mche wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, nusu kifuniko tena wiki ya tano, na nusu kifuniko cha mwisho wiki ya saba. Kifuniko kilichojaa sawasawa, bila kilima, ni kama gramu 5. Mkono si kipimo! Nimeona shina likiungua kwa sababu mtu alirusha tu mbolea akipita. Chora duara sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, tia mbolea, fukia kwa sentimita 3 za udongo. Fanya hivyo asubuhi, majani yakiwa makavu na udongo una unyevu lakini hautiririki maji.

Majani ya chini yakigeuka manjano, usikimbilie CAN. Chimba shimo la sentimita 20 pembeni mwa mche. Maji yakijikusanya humo, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi wa Embakasi na Ruai, mizizi inakosa hewa na mbolea haitasaidia kitu. Chimba mtaro kwanza, maji yatoke, na msimu ujao panda kwenye matuta yaliyoinuka sentimita 30.

Majani mapya yakikolea kijani, mbolea imefika.

CAN iliyobaki ifunge kabisa na uiweke juu ya mbao, kwa maana hunyonya unyevu wa hewani na kuganda mabonge, na bonge halipimiki kwa kifuniko.